Sarufi kama Ramani ya Jukwaa: Misingi ya Ubunifu wa Mandhari, Maleba, Mwanga na Sauti katika Uwanja wa Shule, Msanzi, Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua misingi ya ubunifu wa jukwaa, yaani mandhari, maleba, mwanga na sauti, kwa kumlenga mwalimu na mwanafunzi wa tamthilia ya Kiswahili aliye mbali na jumba la maonyesho. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya misingi hiyo imo tayari katika matini, ndani ya sarufi ya Kiswahili: viambishi vya mahali, vioneshi, viambishi vya njeo na hali, pamoja na vielezi viigizi. Mifano imetolewa katika tamthilia zinazosomwa shuleni Tanzania. Uwanja wa kupimia hoja ni ule wa uwanda wa juu wa Ufipa, hususan Msanzi mkoani Rukwa, ambako jua na upepo ndivyo vifaa vya kwanza vya mbunifu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari anayeulizwa kuhusu mandhari ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba, hujibu kwa neno moja: kijijini. Jibu hilo humpatia alama yake, na mjadala huishia hapo. Haulizwi mlango wa nyumba ya Mzee Mitomingi unaelekea wapi, Ngoswe anaziweka wapi karatasi zake za kuhesabu watu, wala Mazoea anapita upande gani ili baba yake asimwone. Hata hivyo, bila majibu ya maswali haya hakuna mchezo unaoweza kuoneshwa, na hata usomaji wa kimyakimya unabaki nusu, kwa kuwa mgogoro wenyewe umejengwa juu ya nani anamwona nani, na nani yupo karibu na nini.

Upungufu huu hauletwi na uvivu wa mwanafunzi. Tamthilia imekuwa ikifundishwa kama riwaya iliyoandikwa kwa majibizano: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kisha mtihani. Ubunifu wa jukwaa umeachiwa vyuo maalumu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, hufundisha ufundi wa jukwaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu zaidi ya kufundisha sanaa za maonyesho. Kutoka Msanzi, katika wilaya ya Kalambo, hadi Bagamoyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mwalimu wa Kiswahili wa huko hana haja ya kusubiri safari hiyo ili aanze kufundisha ubunifu. Alichonacho ni kitabu, uwanja, jua, upepo na wanafunzi wanaozungumza lugha mbili za Kibantu. Makala haya yanadai kwamba hicho kinatosha kwa hatua ya kwanza, na kwamba mtaalamu wa lugha ana mchango katika hatua hiyo ambao fundi wa taa hana.

2.0 Neno mandhari na gharama yake

Kabla ya kuingia uwanjani inafaa kutazama istilahi. Katika uhakiki wa fasihi, mandhari ni mahali na wakati wa matukio. Katika sanaa za maonyesho, neno hilohilo hutumika kwa maana ya vitu vinavyojengwa au kuwekwa jukwaani: ukuta, mti, kigoda, pazia. Maana ya kwanza ni dhana iliyomo kichwani mwa msomaji. Ya pili ni mbao na misumari. Kwa kuwa umbo ni moja, mwanafunzi huamini kwamba akishataja dhana amekwisha kushughulikia vitu. Haipendekezwi hapa kubuni istilahi mpya, kwani tayari zipo nyingi zisizotumika. Inatosha mwalimu kuuliza maswali mawili badala ya moja: tukio linatokea wapi, na hadhira inaona nini.

Maleba halina utata huo. Ni neno linalofahamika kwa mavazi ya mchezoni, nalo linabeba tofauti muhimu: nguo huvaliwa ili kusitiri mwili, ilhali leba huvaliwa ili kutazamwa. Kuhusu jukwaa, wengi hulielewa kama sakafu iliyoinuliwa. Kwa madhumuni ya makala haya, jukwaa ni eneo lolote ambalo hadhira imekubali kulitazama. Ngoma, majigambo na masimulizi ya jadi yamefanyika katika majukwaa ya aina hiyo kwa karne nyingi. Kazi za sanaa za maonyesho kwa maendeleo alizozijadili Penina Mlama mwaka 1991 zilifanyika vijijini, katika maeneo ya wazi ya watu wenyewe. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kuchapisha mkusanyiko wa sanaa simulizi ya Wafipa mwaka 1978, alishughulika na wasimulizi ambao mandhari yao yote ilikuwa maneno. Mbunifu anayeanza na uwanja mtupu, kwa hiyo, hajapungukiwa na kitu. Ameanzia mahali ambapo fanani wa Ufipa ameanzia siku zote.

3.0 Viambishi vya mahali kama ramani ya jukwaa

Kiswahili kina ngeli ya mahali yenye viambishi vitatu: pa-, ku- na mu-. Sarufi za kawaida hueleza kwamba pa- hurejelea mahali mahususi, ku- mahali pasipo mipaka dhahiri au uelekeo, na mu- mahali pa ndani. Kwa mbunifu wa mandhari haya ni maelekezo matatu tofauti ya ujenzi. Zilinganishwe sentensi hizi: *Mzee yupo nyumbani*, *Mzee yuko nyumbani*, *Mzee yumo nyumbani*. Ya kwanza inahitaji alama moja ya mahali, kama vile kigoda au jiwe la mlangoni. Ya pili huenda isihitaji kitu, kwa kuwa mhusika anaweza kuwa nje ya macho na mwigizaji akaashiria kwa mkono tu. Ya tatu inadai mpaka. Lazima kiwepo kitu cha kutenganisha ndani na nje, hata kama ni kamba iliyolazwa chini au wanafunzi wawili waliosimama kama miimo ya mlango.

Vioneshi huongeza kipimo cha pili, yaani umbali. *Hapa, huku, humu* viko karibu na msemaji. *Hapo, huko, humo* viko karibu na msikilizaji au vimekwisha kutajwa. *Pale, kule, mle* viko mbali na wote wawili. Mhusika akisema *pale*, hadhira hugeuza macho, na macho hayo lazima yakute kitu. Akisema *kule*, macho hupita ukingo wa jukwaa na kuishia katika mawazo, na hapo hakihitajiki chochote. Mwanafunzi anayepewa onyesho moja la tamthilia na kuagizwa apige mstari chini ya kila kioneshi cha mahali, kisha achore uwanja na kuweka nukta kwa kila *hapa* na *pale*, atapata mchoro wa kwanza wa mandhari katika kipindi kimoja. Nukta zikijikusanya sehemu moja, hapo ndipo penye uzito wa onyesho. Nukta mbili zisizoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa mfano mlango ulio *hapa* kwa msemaji na *pale* kwa msikilizaji aliye ubavuni mwake, zinaonesha kwamba waigizaji wamesimamishwa vibaya au kwamba mwandishi amepitiwa.

Hoja hii ina mpaka ambao haufai kufichwa. Katika Kiswahili cha wazungumzaji wengi wa leo, hasa wa bara, ku- imemeza kazi za viambishi viwili vingine: *yuko* na *kuna* husemwa hata pale ambapo sarufi ingetarajia *yumo* au *pana*. Haifai basi kuchukulia kila ku- kuwa agizo la kuacha jukwaa tupu. Kinyume chake ndicho chenye nguvu: mwandishi anapoandika pa- au mu- amechagua, na chaguo hilo lisomwe kwa makini. Kwa lugha ya isimu, pa- na mu- zimekuwa umbo lililotiwa alama, ilhali ku- limekuwa umbo la kawaida.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Msanzi anapokuwa na faida ambayo mwenzake wa jijini anaweza kuikosa. Kifipa, kilichowekwa na Guthrie katika ukanda wa M, huvibeba viambishi vya mahali mwanzoni mwa nomino yenyewe, kama zifanyavyo lugha nyingi za Kibantu za eneo hilo. Kiswahili kimeviondoa hapo na kuweka *-ni* mwishoni mwa nomino, hivyo tofauti huonekana tu katika upatanisho: *nyumbani pake, nyumbani kwake, nyumbani mwake*. Mzungumzaji wa Kifipa ameizoea tofauti hiyo mapema, katika nomino, kabla hajafika shule. Mara nyingi lugha ya nyumbani huhesabiwa darasani kuwa chanzo cha makosa ya Kiswahili. Katika somo hili ni chombo cha kupimia.

Si kila tamthilia inahitaji ramani ya namna hii. Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) imejenga mandhari yake yote juu ya kitu kimoja, nguzo ambayo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha. Mbunifu wa mchezo huo ana swali moja kubwa: nguzo iwe nzito kiasi gani? Ikiwa ni boksi lililopakwa rangi, miili ya waigizaji itadanganya na hadhira italiona hilo mara moja. Gogo halisi la mkaratusi, linalohitaji mikono ya watu kadhaa, litafanya kazi ambayo maelezo hayawezi kuifanya.

4.0 Mwanga: jua, saa na viambishi vya hali

Mwanga wa jukwaani una kazi nne zinazotajwa sana: kufanya vitu vionekane, kuelekeza macho, kuonesha wakati, na kujenga hisia. Mswisi Adolphe Appia (1862–1928) ndiye aliyewashawishi watu wa tamthilia ya Ulaya kwamba mwanga unaweza kuunganisha mwigizaji na mandhari badala ya kuwa taa tu. Mwaka 1932 Mmarekani Stanley McCandless alichapisha kanuni ambayo bado hufundishwa: kila eneo la jukwaa limulikwe kwa taa mbili, moja kila upande, kila moja ikitoka juu kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, moja ikiwa na rangi ya joto na nyingine ya baridi. Pembe hiyo huchora pua, macho na mashavu kama tulivyozoea kuyaona mchana. Mwanga wa utosini huyajaza macho kivuli. Mwanga wa usoni moja kwa moja huufanya uso uwe bapa.

Shule isiyo na taa za jukwaa inaweza kuipata pembe hiyo bure, ikijua saa. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Sumbawanga na vijiji vyake viko karibu na nyuzi 31 na nusu. Kwa hiyo jua la Ufipa huchelewa kwa takribani dakika 54 nyuma ya saa ya ukutani, wakati la Dar es Salaam huchelewa kwa dakika 23 tu. Matokeo yake ni kwamba saa kumi alasiri, jua la Msanzi bado liko juu ya upeo kwa nyuzi 43 hivi katika miezi ya Machi na Septemba, na nyuzi 35 hivi mwezi Juni. Hiyo ni karibu sana na pembe ya McCandless. Saa saba mchana, muda ambao ratiba ya shule hupenda kuupangia shughuli za nje ya darasa, jua liko juu kabisa na nyuso za waigizaji hazisomeki.

Uelekeo wa jukwaa huamuliwa na jambo hilohilo. Mwezi Juni na Julai jua la saa kumi huwa upande wa kaskazini-magharibi. Hadhira ikikaa upande huo na kulipa jua mgongo, haitaumizwa macho, na waigizaji watamulikwa. Ni afadhali jua lipite juu ya bega la hadhira kuliko utosini mwake, ili uso wa mwigizaji upate upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu upande wa kivuli hurudisha mwanga kidogo na kuwa ile taa ya pili, iliyo baridi zaidi. Mwanga huu haukai mahali pamoja: kufikia saa kumi na moja na nusu jua limeshuka hadi kati ya nyuzi 16 na 21, rangi imekuwa ya manjano na vivuli vimerefuka. Mbunifu hupanga kwa kurudi nyuma. Hutafuta onyesho linalohitaji jioni, hupima urefu wa maonyesho yanayolitangulia, kisha huamua mchezo uanze saa ngapi.

Kinachobaki ni mabadiliko ya ghafla, ambayo jua haliwezi kuyafanya. Hapa sarufi inarudi. Maelekezo ya jukwaani katika tamthilia za Kiswahili huandikwa zaidi kwa -na- na -me-, na tofauti yake ni ya kiufundi kabisa. *Mzee amesimama mlangoni* humaanisha kwamba hadhira inapofunguliwa macho tendo limekwisha kutimia: mwigizaji awe mahali pake kabla ya mwanga. *Mzee anasimama mlangoni* humaanisha kwamba hadhira ishuhudie tendo lenyewe, hivyo mwanga utangulie. Kiambishi -ki-, kama katika *anaondoka akiimba*, huagiza vitu viwili vipishane, wimbo ufifie kadiri mwili unavyotoweka. *Kisha*, au -ka- ya mfuatano, hukataza kupishana: kimoja kiishe ndipo kingine kianze. Mwanafunzi anayeandika orodha ya ishara za mwanga na sauti kwa kufuata viambishi hivi hufanya uchambuzi wa hali ya kitenzi bila kujua kwamba yuko katika somo la sarufi.

Bila taa, kufungua na kufunga macho ya hadhira hufanywa kwa njia nyingine. Kanga mbili zilizoshonwa pamoja na kushikwa na wanafunzi wawili ni pazia. Waigizaji kuipa hadhira mgongo ni giza. Wimbo wa pamoja ni njia ya kuvuka kutoka wakati mmoja hadi mwingine, na katika Orodha ya Steve Reynolds njia hiyo ni ya lazima, kwani mchezo unasogea kati ya msiba wa Furaha na maisha yake kabla ya kifo. Hadhira isipojua iko katika wakati gani, barua yake inapoteza uzito. Wimbo mmoja wa msiba, unaoimbwa kila mara tunaporudi matangani na si mahali pengine popote, hutenganisha nyakati hizo vizuri kuliko swichi.

5.0 Sauti na vielezi viigizi

Nje, sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Anayesikika vizuri kwa mita 5 atakuwa hafifu kwa mita 20, na nusu ya hadhira itakuwa inatazama tu. Kiangazi cha Ufipa kina msaada wake: upepo wa majira hayo huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na sauti husafiri vizuri zaidi kwa kufuata upepo kuliko kwa kuupinga. Jukwaa likiwa kusini-mashariki na hadhira kaskazini-magharibi, jua na upepo vinafanya kazi katika mstari mmoja. Ukuta wa matofali wa darasa nyuma ya waigizaji utaongeza mwangwi mfupi unaoelekea mbele na kuwakinga na upepo mkali zaidi. Masika ni habari nyingine: mvua juu ya paa la bati hunyamazisha mchezo wowote, na hakuna ubunifu unaoishinda.

Sauti za mchezo ni za aina mbili: zile ambazo wahusika wanazisikia na zile zinazosikiwa na hadhira peke yake. Kigezo cha kuzitofautisha kimo katika vitenzi vinavyozifuata. Maelekezo yakisema mhusika anashtuka, anageuka au anasikiliza, sauti hiyo ni ya ulimwengu wake, na chanzo chake lazima kiwe upande ambao atageukia. Hili hukosewa mara nyingi: mbwa hubweka kushoto na mwigizaji hugeuka kulia.

Kuhusu sauti ziwe za namna gani, Kiswahili kina hazina ambayo wabunifu hawajaitumia vya kutosha, nayo ni vielezi viigizi. *Chubwi* si neno la maji tu. Linaeleza kitu kizito kinachoingia mara moja katika maji yenye kina. *Tifu* ni anguko katika mchanga au vumbi, *pu* ni anguko la kitu kizito penye ardhi tupu. Mtu anayetafuta sauti ya kifaa anaweza kuanza kwa kuitamka, kisha kutafuta kitu kinachotamka vivyo hivyo. Maharage makavu yanayozungushwa taratibu katika ungo ni mvua inayokaribia. Bati lililoning'inizwa na kutikiswa ni radi. Vielezi hivi havikomei katika sauti. *Giza totoro, kimya jii, lowa chapachapa, eupe pepepe* vinatoa kiwango: totoro ni zaidi ya giza la kawaida, na chapachapa ni zaidi ya unyevu.

Mfano wa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) unafaa hapa. Kinjeketile anaingia katika mto Rufiji na kutoka baadaye akiwa mtu mwingine. Maji hayo hayawezi kuletwa uwanjani. Kinachoweza kuletwa ni sauti ya kuingia, *chubwi* inayotolewa na kundi zima kwa ngoma na vinywa, ikifuatiwa na kimya kirefu kuliko hadhira inavyoweza kukivumilia. Kimya hicho ndicho mto. Wengi wanaoanza hukijaza kwa muziki kwa hofu kwamba hadhira itadhani kuna mtu amesahau maneno yake.

6.0 Maleba

Sehemu hii ni fupi kwa sababu maleba ndilo eneo ambalo shule tayari hulishughulikia, ingawa kwa kukusanya nguo badala ya kusoma matini. Pa kuanzia ni namna wahusika wanavyoitana. *Mzee, Bwana, Ndugu, Mheshimiwa, mwanangu*: kila wito unadai mavazi yanayouhalalisha, au yanayoukejeli. Ngoswe ni mtu wa serikali aliyefika kijijini, na heshima anayopewa mwanzoni inatokana zaidi na anavyoonekana kuliko anavyotenda. Shati lake, viatu vyake na mfuko wa karatasi ni hoja, na kuchakaa kwake polepole kutoka onyesho hadi onyesho ni hoja ya pili. Kubadilisha ngeli pia ni agizo la mshonaji: *kikoti* kinabana, *jikoti* linamning'inia mvaaji.

Kanga ina tatizo lake la kipekee, kwa kuwa ni leba lenye maandishi. Hadhira itayasoma, hata kama mbunifu hakuyasoma. Rangi nayo ipimwe mbele ya ukuta utakaotumika: kitambaa chekundu kilichofifia mbele ya matofali ya kuchoma hummeza mwigizaji. Katika karne ya 19 Ufipa na bonde la Rukwa zilijulikana kwa nguo za pamba zilizofumwa kwa mkono. Mchezo unaosimulia enzi hizo, basi, hauna sababu ya kuwavika watu ngozi za chui zilizochorwa kwenye magunia. Mwisho, Juni na Julai baridi ya uwanda huu, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huwafanya wanafunzi wavae sweta chini ya maleba. Ni bora mbunifu alikubali jambo hilo mapema na kushona kwa upana unaofaa kuliko kushtukia kola za bluu shingoni mwa wazee wa karne iliyopita.

7.0 Karatasi za Ngoswe

Mfano mmoja unatosha kuonesha jinsi vipengele hivi vinavyokutana. Kuelekea mwisho wa Ngoswe, baba yake Mazoea anazichoma karatasi za hesabu ya watu. Mwanafunzi anayebuni onyesho hilo kwa mara ya kwanza hufikiria moto. Katika uwanja wa Msanzi mwezi Julai, nyasi zikiwa zimekauka na upepo ukivuma, moto wa wazi haukubaliki hata kidogo. Chungu kirefu chenye majivu, kilichowekwa dhidi ya ukuta na ndoo ya mchanga pembeni, kinaweza kubeba karatasi mbili au tatu chini ya uangalizi wa mwalimu. Hata hizo zinaweza kuachwa: vipande vya kitambaa chekundu mikononi mwa waigizaji wawili waliochuchumaa na mchakato wa majani makavu vitafanya kazi hiyo.

Hata hivyo, moto si tatizo kuu la onyesho hilo. Tatizo kuu ni karatasi. Hadhira haitaumizwa na kuungua kwa kitu ambacho haijawahi kukithamini, kwa hiyo ubunifu wa moto huanza katika onyesho la mwanzo, pale karatasi zinapoonekana mara ya kwanza. Ziwe nyingi. Ziwe nyeupe pepepe, ili jua la saa kumi lizimulike kuliko kitu kingine chochote uwanjani. Ziandikwe kweli, mbele ya macho ya watu, kwa sauti ya kalamu na ya majina yanayotajwa nyumba kwa nyumba. Zikae *hapo*, karibu na Ngoswe, katika kila onyesho, na kila anapomfuata Mazoea *kule*, ziachwe peke yao kwa muda unaozidi kidogo ule wa mara iliyotangulia. Mchezo ukiwa umeanza kwa hesabu ya kurudi nyuma, Mitomingi atazifikia jua likiwa limekaribia kuzama nyuma ya hadhira, rundo lile likiwa limegeuka kutoka weupe hadi manjano. Ndipo mwanafunzi aliyejibu kwamba mandhari ni ya kijijini anaweza kuulizwa tena swali lilelile, safari hii akiwa amesimama uwanjani na karatasi mkononi.